Mikia Yenye Vibati

Vijana wangu wa ofisini,

Siku mliyoniaga mlinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi nyekundu, mkapiga makofi, nami nikashukuru kama inavyotakiwa. Nilipofika nyumbani niliifungua mbele ya Mama Zuhura. Ulikuwa mgwisho wa mkia wa twiga: nywele nyeusi ndefu, mpini uliovikwa ngozi, na karibu na mpini kinaning'inia kibati chenye muhuri wa ofisi. Mama Zuhura aliutazama, akanitazama mimi, akaenda zake jikoni. Kesho yake asubuhi niliurudisha na kuuacha juu ya meza ya masjala bila maelezo. Nasikia mmeudhika, na mmoja wenu amesema mzee ana kiburi. Kiburi ninacho, lakini si kwa jambo hili. Nimeona afadhali niandike, maana kile kibati kina historia yake, na wengi wenu wakati ule mlikuwa bado mnabebwa mgongoni.

Habari za vyeo sitazieleza. Nilipandishwa nilipopandishwa, nikarukwa niliporukwa. Mshahara nao kila mtumishi anaujua, hauhitaji mwandishi.

Kazi yangu ya kwanza serikalini haikuwa ya wanyama wa porini, ilikuwa ya samaki. Mimi ni mzaliwa wa Tinde, huku huku bara. Babu yangu alikuja pale na bidhaa zake kutoka Pwani, akaoa, akasahau kurudi. Kwa sababu ya jina langu la Kiislamu na Kiswahili changu cha mjini, mkubwa mmoja aliamini kwamba bahari naijua, wakati mimi maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya lambo la ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya sitini nikapelekwa Pwani ya kusini kuwa karani wa samaki. Nilikaa huko muda usiozidi misimu miwili, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa natapika.

Kazi yangu ilikuwa kukagua samaki wanaposhushwa. Siku moja iliingia boti ya mashine, mali ya tajiri mmoja, imejaa magunia na haina samaki hata mmoja. Nikafungua gunia. Ndani mlikuwa na mapezi ya papa, mabichi, yanatoa damu mahali yalipokatwa. Nikamwuliza nahodha, papa wenyewe wako wapi? Akasema wamerudishwa majini. Nikauliza wamekufa au wazima. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni kuvaa kikoi, kwamba wengi huwa wazima.

Akanieleza hesabu yao. Papa mzima ni mzigo, anajaza boti, nyama yake rahisi na inaoza upesi. Pezi ni jepesi, likikauka halina taabu, na wanunuzi wake wako ng'ambo, wanalipikia supu. Niliposikia supu nilidhani ananitania. Safari iliyofuata nikapanda naye nione kwa macho yangu. Walimvuta papa mmoja hadi ubavuni mwa boti, wakamkata pezi la mgongoni, ya ubavuni na la mkiani, wakamwachia. Alijaribu kuogelea. Kiwiliwili kilipinda huku na huku bila kwenda popote, kikaanza kuzama taratibu, macho yako wazi. Nahodha alisema papa wa aina ile asipokwenda hapumui. Safari hiyo sikutapika, sijui kwa nini.

Wavuvi wadogo wa pale, wale waliokuwa wakimleta papa mzima, wakampasua, wakamtia chumvi na kulisha mji, walikuwa wameanza kulalamika kwamba papa wanapungua na wanaopatikana ni watoto. Nilimwendea mkuu wangu nikapendekeza jambo moja tu: boti ikileta pezi, ilete na mwili wake. Hapo nahodha asingeweza kujaza mapezi tu, maana mwili ungejaza boti mapema. Mkuu akasema bahari ni kubwa. Baada ya muda mfupi nikapata uhamisho kwenda Shinyanga, idara ya wanyamapori, mbali kabisa na bahari. Nikajua nimeachana na mambo yale.

Ofisi yetu mnaijua, ila wakati ule paa lilikuwa linavuja upande wa pili. Vifaa vilikuwa baiskeli, bunduki iliyonizidi umri, darubini inayoona kwa jicho moja, na nyundo ya chuma yenye alama ya kugongea nyara, yaani pembe, ngozi na mikia. Kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa Mzee Lushinge, askari wa nyama, yaani wa wanyamapori. Alikuwa Msukuma wa Kagongwa, mwembamba, mgomvi wa asubuhi, avaaye katambuga za matairi ambazo alidai zimetembea kuliko gari zilikotoka. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama naweza kutembea. Nikasema naweza. Jioni yake akasema hapana, siwezi, lakini nitazoea.

Alinifundisha kutazama juu kabla ya kutazama chini. Tumbusi wakizunguka, mnyama anakufa. Wakishuka, amekufa. Wakikaa mitini na hawashuki, kuna simba pale au kuna mtu, na alisema ni vizuri kujua ni yupi kati ya hao kabla hujafika. Alinifundisha kutokanyaga nyayo ninazozifuata, kutosafisha bunduki karibu na michembe ya watu, viazi walivyoanika juani, na kutomwuliza mtu wa kijijini swali la kwanza kuhusu mnyama. Swali la kwanza linahusu mvua, la pili ng'ombe. La mnyama litakuja lenyewe, na mara nyingi atakuwa amelileta yeye.

Pori letu kubwa lilikuwa Ibambala, magharibi ya Kagongwa, uwanda wa migunga uliojaa mbung'o. Mbung'o walizuia ng'ombe, kwa hiyo twiga walibaki. Lilikuwa kundi la kupendeza. Asubuhi mngewaona shingo zao juu ya miti, wanawatazama kama wazee wa baraza wanaosubiri mtoe sababu. Niliwapenda wale twiga, na sioni aibu kusema hivyo. Kazi yetu ni ya kuhesabu na kukamata, lakini mtu anayehesabu kitu miaka mingi hawezi kujifanya hakijui.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa twiga dume. Tuliwaona tumbusi wameshuka, tukaenda. Mnyama alikuwa amelala ubavu, tundu la risasi ya gobore nyuma ya bega, nyama yote ipo, ngozi yote ipo. Mzee Lushinge alizunguka akanionyesha nyuma. Mkia ulikuwa umekatwa kwenye shina.

Nikakaa chini kwenye nyasi. Mzee akadhani jua limenipiga, akanipa maji. Nikamsimulia habari ya papa, na ilibidi kwanza nimweleze papa ni nini. Alisikiliza, akasema hesabu ni ile ile. Nyama ya twiga ni mzigo wa kijiji kizima, inanuka, kila mtu ataiona. Mkia unaingia ndani ya koti. Mtu anaweza kupanda basi nao hadi Tinde, amekaa karibu na askari, wanaongea habari za mvua.

Nilimwuliza mkia huo unakwenda kufanya nini. Akacheka, akasema mimi ni mkwe wa Wasukuma na bado sijui.

Kweli nilikuwa mkwe, maana nilikuwa nimemwoa Mama Zuhura, na kaka yake, Maduhu, alikuwa ningi. Kwa wale ambao hamkulelewa huku, ningi ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma. Pamba ikishauzwa, makundi mawili yanacheza siku moja, uwanja mmoja, yameelekeana. Hakuna mwamuzi. Watu wanakwenda upande unaowavutia, na jua likizama, aliyezungukwa na wengi ndiye ameshinda. Aliyeshindwa atasikia habari zake mpaka mvua za mwaka mwingine. Kwa hiyo kila ningi anatafuta cha kuvuta macho: dawa, nyoka, manyoya ya mbuni, na mkononi mgwisho. Mgwisho wa ng'ombe ni wa kila mtu. Wa twiga ulikuwa mrefu, mweusi, ukizungushwa unalia hewani. Akiwa nao mmoja, mwenzake atataka mrefu zaidi.

Maduhu alikuwa na sauti nzuri na majivuno yanayolingana nayo. Mimi na yeye ni mashemeji, kwa hiyo utani ulikuwa halali. Aliniita Bwana Nyama Asiyekula Nyama. Mama Zuhura naye, ili kumchokoza kaka yake, kila mashindano alikuwa anaanza upande wa pili.

Tulifanya kazi yetu. Tuling'oa mitego ya waya, tukaviziana na watu wenye magobore, tukawafikisha mahakamani. Wengine walifungwa, wakatoka, wakatusalimia vizuri barabarani. Mikia tuliyokamata ilijaa bohari. Nondo wakaanza kula nywele, panya wakala ngozi. Ndipo likashuka agizo kutoka juu. Mikia iliyopo ipigwe mnada. Kila mmoja ufungwe kibati chenye muhuri, na tangu siku hiyo atakayeonekana na mkia usio na kibati akamatwe. Anayeokota mkia porini kwa uaminifu aulete ofisini, ukaguliwe, ufungwe kibati, arudishiwe. Waliokaa mezani walisema hivyo wacheza ngoma watapata mikia halali na ujangili utakosa soko. Ukiusoma ule mpango ukiwa umeketi, ulikuwa mzuri sana.

Mkia wa kwanza mnadani ulichukuliwa na ningi wa Nyarugusu, mchimbaji wa dhahabu aitwaye Machibya. Mwaka ule alikuwa ameshika mshipa mzuri, na wenzake wa mashimoni walimfuata kila alikokwenda. Kwenye mashindano ya Kagongwa alishindana na shemeji yangu. Machibya hakuuzungusha mkia kama wengine. Aliuinua juu, jua likapiga kwenye kibati, kikametameta, akaimba kwamba dawa za wengine zimetengenezwa na waganga wa vichakani, dawa yake imetengenezwa na Serikali yenyewe na muhuri huu hapa. Uwanja ulihama. Maduhu alibaki na ndugu zake na mbwa mmoja. Mama Zuhura, aliyekuwa ameanza upande wa Machibya kwa utani, ilibidi arudi kwa kaka yake kwa huruma.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka tena mkia mtupu. Kila ningi kutoka Tinde hadi Geita alitaka wenye kibati. Mnada ulikuwa umekwisha, lakini mlango wa waokotaji ulikuwa wazi, na watu wakaanza kuokota. Sijawahi kuona watu waaminifu kiasi kile. Walikuja na baiskeli, walikuja kwa miguu, kila mmoja ameokota mkia. Nilikuwa nawauliza wote swali lile lile nililomwuliza nahodha: mwenyewe yuko wapi? Hakuna aliyewahi kumwona mwenyewe. Mkia ulikuwa umelala tu njiani. Jamaa mmoja alileta mkia unaodondosha damu sakafuni, nikamwonyesha ile damu, akaitazama kwa mshangao wa kweli na kusema labda ni joto.

Kwa mujibu wa agizo, asiyekamatwa na silaha wala nyama, na aliyeleta mkia mwenyewe, alikuwa mwokotaji. Nyundo nilikuwa naishika mimi. Mzee Lushinge alikaa mlangoni akitazama foleni, akaniambia polepole, "Bwana, siku hizi hatulindi wanyama. Tumekuwa waganga, na dawa yetu inasifika."

Nilimwomba mkuu wetu tusimamishe vibati. Akakubali kwamba hali si nzuri, akasema agizo limetoka juu na litasimamishwa kutoka juu. Tukasubiri juu. Huko Ibambala kundi lililokuwa likitawanyika uwanda mzima sasa lilikuwa linatosha kivuli cha migunga miwili. Madume makubwa yalikuwa yamekwisha, maana mkia mrefu ndio uliotafutwa. Nilifanya hesabu ambayo hata mtoto angeifanya: msimu mwingine wa ngoma kama ule, na Ibambala ingebaki na mbung'o peke yao.

Msimu huo ulipokaribia, Maduhu alikuja ofisini. Hakutania. Alisema Machibya anakuja tena na lori la wachimbaji, na kwamba akishindwa mara ya pili vijana wake watamhama, na ningi asiye na vijana ni mtu anayeimba shambani kwake.

"Shemeji, nataka mkia wenye kibati," alisema.

Nikamwambia hakuna.

"Basi nitaleta wangu. Wewe gonga tu."

"Utautoa wapi?"

"Nitauokota. Wako Ibambala, najua mpaka wanapolala."

Mzee Lushinge alikuwa anapaka bunduki mafuta. Hakuinua kichwa. Alisema kama ni hivyo ni bahati kubwa, maana sisi tunawatafuta tangu juzi hatuwaoni, basi kesho ningi atuongoze. Maduhu alikuwa haijui Ibambala zaidi ya mimi ninavyojua kuimba. Lakini alikuwa amekwisha kusema, tena mbele ya watu, na kurudi nyuma hakukuwa katika tabia zake.

Tulikwenda. Alikuja na viatu vya mjini vilivyochongoka mbele, akatuongoza kwa ujasiri mpaka kwenye kinamasi, akatuongoza tena kutoka kinamasini. Mzee Lushinge alimfuata nyuma, akifurahi kuliko nilivyopata kumwona. Mchana tulikaa tukala matobolwa, vile viazi vikavu, na karanga. Mbung'o walikuwa wengi. Wanauma kupitia shati, na ukimpiga mmoja anainuka, anajikung'uta, anarudi mahali pale pale. Maduhu alivunja tawi lenye majani akawa anajipepea shingoni, anatukana.

Ni Mzee aliyemwona, akanyoosha kidole. Twiga jike alikuwa amesimama peke yake pembeni ya migunga, karibu kuliko kawaida yao. Hakukimbia. Mguu wa nyuma ulikuwa na alama ya waya iliyozunguka, imeanza kupona. Majangili walikuwa wamemnasa, akaanguka, wakamkata mkia akiwa chini, kisha waya ukakatika akainuka akaenda zake. Kilichobaki nyuma kilikuwa kipande kifupi cha mkia, kama kidole.

Mbung'o walikuwa wamemfunika. Mapaja, tumbo, na pale penye kidonda walikuwa wamejaa hata rangi ya ngozi haionekani. Na kile kipande kilikuwa kinafanya kazi. Kilikwenda kushoto, kulia, kushoto, haraka haraka, bila kugusa kitu. Alitetemesha ngozi, akapiga miguu chini, akageuza ile shingo ndefu kujaribu kufika, akashindwa, akarudia kile kipande tena. Nilimkumbuka papa anayepindapinda majini, nikasikia uchungu uleule uliokaa ndani yangu miaka yote hiyo. Safari hii pendekezo langu lilikuwa limekwisha kwenda juu, halijarudi.

Maduhu alikuwa ameacha kujipepea. Alitazama twiga, akatazama tawi lililokuwa mkononi mwake. Alikaa hivyo muda mrefu, mbung'o wanamuuma na yeye hawafukuzi.

"Anapiga kwa kitu ambacho hana," alisema.

Kisha akauliza nani amemfanyia hivi.

Mzee Lushinge akamjibu, "Mtu anayetaka kushinda ngoma."

Njiani kurudi alitangulia peke yake, viatu ameshavivua. Mimi nilijua amekasirika, nikawaza nyumbani nitamwambia nini dada yake. Siku zilizofuata hakuonekana. Mama Zuhura alipokwenda kumsalimu alirudi akasema kaka yake amejifungia na ngoma moja ndogo, na kwamba kama nimemloga nimlogoe.

Siku ya mashindano tulikuwa zamu uwanjani, mimi na Mzee, kukagua vibati. Machibya alifika na lori lake, wachimbaji wamejaa juu, vumbi la mashimo bado liko kwenye nywele zao. Mkia wake ulikuwa mpya, mrefu kuliko ule wa mwanzo. Niliukagua, una kibati. Nilikifunga mimi, kwa mwokotaji fulani. Akauinua, ukalia hewani, na watu wakaanza kumiminika upande wake kabla hata ngoma hazijapashwa moto. Mama Zuhura naye alikuwa huko, utani ni utani.

Maduhu akatokea upande wa pili mikono mitupu. Yaani hakuwa mtupu kabisa, alikuwa na mpini wa mgwisho, mpini tu, mfupi, hauna nywele. Watu wakacheka. Machibya akauliza kwa wimbo, panya wa kwako, shemeji wa Bwana Nyama, wamekula mpaka mgwisho? Watu wakacheka zaidi.

Maduhu alisimama katikati ya vijana wake, akanyoosha shingo, akapeleka mpini nyuma ya kiuno, akaanza kuuchezesha. Kushoto, kulia, kushoto. Akatetemesha bega kama ngozi inayoumwa. Akapiga mguu chini. Akageuza shingo pole pole, akajaribu kufika mgongoni, akashindwa, akarudia mpini. Ngoma zikaingia chini chini. Wale waliokuwa wanacheka walidhani ni mzaha, wakasogea waone vizuri. Waliopata kuwinda walielewa kabla ya wengine, na niliona mzee mmoja akivua kofia.

Hapo ndipo alipoimba. Siwezi kuutafsiri ule wimbo wote kwa Kiswahili, utamu wake uko kwenye Kisukuma chake. Ulikuwa wa jike anayeuliza maswali. Aliuliza, nani ananifukuzia mbung'o leo? Aliuliza, mwanangu nitakapomzaa, nitamkinga na nini? Kisha akamgeukia Machibya, akaimba, wewe unayejipepea kwa kiungo changu, mbona mbung'o wako ni mmoja na wangu ni pori zima? Kila swali lilipokwisha, mpini ulikwenda kushoto, kulia, kushoto, na vijana wake wote, waliokuwa hawana kitu mkononi, walifanya vile vile na mikono mitupu.

Wanawake ndio waliohama kwanza. Mama Zuhura alivuka uwanja akiwa mbele yao, kanga ameikaza kiunoni, na safari hiyo hakuvuka kwa huruma. Wachimbaji wenyewe wakaanza kushuka kutoka kwenye lori. Machibya aliendelea kuzungusha mkia wake, lakini kila alipouzungusha watu walijipiga shingoni kana kwamba wameumwa, wakacheka. Mwishowe aliutia kwapani, na mpaka jua linazama hakuutoa.

Sitaki mwelewe kwamba wimbo ulimaliza ujangili. Watu wa dawa waliendelea kutaka mikia, na mitego tuling'oa hadi mwaka niliostaafu. Lakini mwaka uliofuata hakuna ningi aliyethubutu kuingia uwanjani na mkia wa twiga, kwa sababu angeulizwa yale maswali na watoto. Wakaanza kutumia katani iliyotiwa weusi kwa masizi, tena ukiwa mbali huoni tofauti. Waokotaji walipotea njiani kwetu kama vile mikia iliacha kudondoka. Agizo la kusimamisha vibati lilifika baadaye sana, wakati hakuna tena wa kumfungia, na lilitupongeza kwa utekelezaji. Vilivyobaki, pamoja na mikia michache iliyofungwa ambayo waokotaji hawakurudi kuichukua, tulivitupa bohari. Nadhani huko ndiko mlikoutoa ule mgwisho wangu, na sina shaka mliutafuta kwa mapenzi.

Mzee Lushinge alistaafu na katambuga zake. Mtoto wa ndugu yangu anayefanya kazi Pwani ananiambia boti zenye magunia ya mapezi bado zinaingia, na papa wanaoletwa na wavuvi wadogo siku hizi unaweza kuwabeba kwa mkono mmoja. Huenda siku moja mmoja wenu atahamishiwa samaki, idara zetu zinapenda mizaha hiyo. Akifika asisahau lile pendekezo langu la pezi na mwili wake. Wakimwambia bahari ni kubwa, awaambie na Ibambala ilikuwa kubwa. Na popote mlipo, likiletwa pembe, ngozi, jino au mkia, hata kama una muhuri wa nani, anzeni na swali lile: mwenyewe yuko wapi?

Ule mpini Maduhu alinipa mwaka aliouacha uningi. Uko sebuleni kwangu, juu ya mlango, na ndiyo maana sikuhitaji wenu. Yule jike tuliendelea kumwona miaka kadhaa. Msimu wa pili baada ya ile ngoma tulimkuta na ndama, na ndama alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa, akijipiga mbung'o kwa mkia wake mpya, na pigo moja moja lilikuwa linamfikia mama.

Wageni wanaokuja kwangu huutazama ule mpini wakaniuliza nywele zake ziko wapi. Nawaambia ziko Ibambala, anazo mwanawe.